Tunayodai Kazini Tuyatende Kwenye Bodi ya Shule



Siku hizi tukipita kwenye landi zetu na kwenye stesheni za njiani twasikia habari njema: wanachama wengi wanachaguliwa na wazazi wenzao kuingia katika Bodi za Usimamizi za shule. Dreva yumo, gadi yumo, fundi wa karakana yumo, mtu wa gangi yumo. Hii ni heshima kwa chama, maana wazazi wamewaona watu hawa wakisema bila woga mbele ya wakubwa wa kazi. Lakini heshima ina kazi yake, na juu ya kazi hiyo twataka kusema leo.

Neno letu ni moja. Yale tunayoyadai kwa mwajiri wetu, tuyatende sisi wenyewe tunapokaa kwenye bodi ya shule. Twadai hesabu ziwe wazi. Twadai mkataba ulioandikwa. Twadai mtu asifukuzwe kabla hajasikizwa. Twadai usalama kabla ya ajali, si baada yake. Basi mtu akiyadai haya Ijumaa katika ofisi ya meneja, kisha Jumamosi akakaa shuleni na kuinua mkono ili yakanyagwe, huyo ameuza maneno yetu kwa bei ya soda na chapati za mkutano.

Kwanza tujue kiti chenyewe ni cha namna gani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yasema kila shule ya umma iwe na Bodi ya Usimamizi. Katika bodi hiyo wazazi wana wajumbe 6. Mfadhili wa shule, ambaye mara nyingi ni kanisa au jumuiya ya dini iliyoanzisha shule, ana wajumbe 3. Walimu wana mjumbe 1, Bodi ya Elimu ya Kaunti 1, makundi maalum ya watu wa hapo 1, na watu wenye mahitaji maalum 1. Yuko pia mwakilishi wa baraza la wanafunzi. Mwalimu mkuu ni mwandishi wa bodi. Fanyeni hesabu: kati ya wajumbe 13 wa watu wazima, hakuna upande wenye watu wengi kuliko wazazi. Wajumbe hao 6 wakikaa kimya, lawama si ya mwalimu mkuu peke yake wala ya padre.

Wako wasemao, "Sisi tuliishia darasa la nane katika shule ya misheni. Tutamwambia nini mtu mwenye digrii?" Sisi nasi wengi wetu tuliishia hapo hapo, basi twawajibu kama ndugu. Baada ya mgogoro na misheni mwaka 1929, wazazi wa Kikuyu walianza kujenga shule zao za kujitegemea. Wengi wao walikuwa na elimu ndogo kuliko yetu. Walichanga fedha, walijenga, waliajiri walimu, wakaunda vyama vya kusimamia shule hizo, na mwaka 1939 kikafunguliwa chuo cha walimu Githunguri. Serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Lakini kazi ilikuwa imekwisha kuonekana. Baada ya Uhuru wazazi wa nchi nzima walijenga shule za Harambee kwa mikono yao. Hatukutumwa kwenye bodi kufundisha hesabu wala Kiingereza. Tumetumwa kuuliza fedha imekwenda wapi, mlango unafunguka namna gani, na mtoto wa jirani yetu mbona yuko nyumbani leo. Maswali hayo hayataki digrii.

HESABU ZIWE WAZI

Kuna fundisho moja ambalo kila mjumbe wa bodi angelijua. Mwaka 1974 Serikali ilifuta karo kwa madarasa manne ya kwanza ya shule za msingi. Watoto wakafurika: kutoka kiasi cha 1,800,000 mwaka 1973 wakapita 2,700,000 mwaka 1974. Madarasa hayakutosha, madawati hayakutosha, walimu hawakutosha. Kamati za shule zikaanza kutoza fedha ya majengo, na mahali pengi fedha hiyo ikapita ile karo iliyofutwa. Watoto wengi wa maskini walioingia kwa furaha wakatoka tena. Tuangalie vizuri jambo hili. Mkono ulioandika kiasi cha fedha ya majengo ulikuwa mkono wa kamati ya shule, yaani mkono wa wazazi wenyewe.

Mwaka 2003 Serikali ilifuta tena karo ya shule za msingi, na watoto wakapanda kutoka kiasi cha 5,900,000 hadi 7,200,000. Safari hii ilitoa Sh. 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na kila shule ikatakiwa kuwa na akaunti mbili benki: Sh. 650 za vitabu na vifaa vya kusomea, na Sh. 370 za matengenezo, maji, umeme na mishahara ya wafanya kazi wadogo. Fedha ya vitabu isiguswe kwa kununua rangi ya ukuta. Kanuni hiyo ilikuwa nzuri, kwa kuwa mzazi ye yote aliweza kuuliza swali fupi: fedha hii ilitoka akaunti gani?

Sheria ya 2013 nayo haikuficha neno. Kifungu cha 29 chasema hakuna shule ya umma itakayotoza karo ya masomo. Malipo mengine yaweza kutozwa kwa idhini ya Waziri baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, lakini mtoto asikataliwe shule kwa kuwa hakuyalipa. Na mtu asipokee fedha bila kutoa stakabadhi rasmi. Basi mambo matatu hayo, idhini, stakabadhi, na mtoto asirudishwe nyumbani, mjumbe wa bodi ayashike kama dreva ashikavyo ruhusa ya njia. Dreva hatoi gari stesheni kabla ya kupewa ruhusa ya njia, hata abiria wakipiga kelele namna gani. Bodi nayo isipitishe mchango wa basi, wa lango jipya, wa chai ya walimu, wala wa mitihani ya majaribio, mpaka karatasi ya idhini iwe mezani.

Twajua jibu litakalotolewa: "Fedha za Serikali huchelewa, na zikija huja pungufu. Shule itaendeshwa na nini?" Jibu hili lina ukweli. Mwaka 2018 iliwekwa Sh. 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na mara nyingi walimu wakuu wamelalamika mbele ya watu wote kwamba hawapati kiasi kamili. Sisi hatusemi mwalimu mkuu ni mwongo. Twasema hivi: upungufu ukiwapo, uandikwe. Shule ilitazamia kiasi gani muhula huu, imepokea kiasi gani, siku gani, na deni la duka la mahindi ni kiasi gani. Hesabu hiyo isomwe mbele ya wazazi, barua ipelekwe kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti, na nakala ibaki katika faili. Deni la Serikali lidaiwe Serikali. Kulichukua deni hilo na kumtwika mtoto wa mama muuza mboga, akae nyumbani wiki tatu wakati wenzake wanasoma, si usimamizi. Mzazi mwenye uwezo akipenda kusaidia, asaidie, na apewe stakabadhi yake. Asiyeweza, mtoto wake aketi darasani.

MPISHI NAYE NI MFANYA KAZI

Sasa twaja kwenye jambo ambalo wanachama wetu wengi hawakulifikiri walipochaguliwa. Sheria imeipa bodi kazi ya kuajiri na kulipa wafanya kazi wasio walimu: mpishi, mlinzi, karani, mkata majani, matroni wa bweni. Siku ile ulipokubali kiti, ndugu, uligeuka mwajiri. Wewe uliyesimama langoni na bango mkononi, sasa uko upande wa pili wa meza.

Basi utakuwa mwajiri wa namna gani? Iko shule, wala hatuitaji jina, ambayo mpishi wake amepika miaka sita bila karatasi hata moja. Hulipwa shule ikifunguliwa, likizo zikija huambiwa aende akalime. Akiugua, siku zake hukatwa. Malipo ya uzeeni hana. Na katika bodi ya shule hiyo wamo watu wanaojua haki za mfanya kazi neno kwa neno. Wakiulizwa husema, "Shule ni maskini." Sivyo wasemavyo matajiri wetu kila tunapopeleka madai?

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 haikusema shule isamehewe. Mtu akiajiriwa kwa miezi 3 au zaidi, mkataba wake uandikwe. Akilipwa, apewe karatasi inayoonyesha mshahara na makato. Akimaliza miezi 12, ana haki ya likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi. Mshahara wake usishuke chini ya kiwango cha chini kilichotangazwa na Serikali. Mjumbe wetu akiingia bodini, swali lake la kwanza na liwe hili: wafanya kazi wa shule hii ni wangapi, na mikataba yao iko wapi? Kisha awaambie wafanya kazi hao kwamba wana chama chao, KUDHEIHA, kinachoandikisha wafanya kazi wa shule pamoja na wa hoteli, hospitali na nyumbani. Asiwazuie kujiunga. Ingekuwa aibu kubwa mwana chama kuwazuia wenzake chama.

Wako pia walimu walioajiriwa na bodi, kwa sababu walimu wa Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, hawatoshi. Hao ni vijana waliohitimu, wanafundisha masomo yale yale kwa mshahara ambao mara nyingi ni kidogo sana tena hauji kwa wakati. Kama bodi haiwezi kuwalipa vema, basi angalau iwalipe kwa tarehe iliyoahidi, na iandike barua baada ya barua kwa TSC ikiomba walimu. Bodi isiyoandika barua hizo imezoea kazi ya bei rahisi.

ASIKIZWE KWANZA

Kifungu cha 41 cha Sheria ya Kazi chasema mfanya kazi asiachishwe kwa kosa kabla ya kuelezwa sababu na kusikizwa, tena akiwa na mwenzake wa kazi au mjumbe wa chama kando yake. Tumekitumia kifungu hiki mara nyingi, na wengi wanakula leo kwa sababu yake. Sasa katika bodi huletwa kesi za watoto: huyu ametoroka, huyu amepigana, huyu alikutwa na simu. Mara nyingi faili imekwisha kuandikwa, na wajumbe wanatakiwa kuitikia tu ili wawahi kula.

Tusiitikie. Mtoto aitwe, mzazi wake aitwe, mashahidi waulizwe, na neno la mtoto liandikwe katika kumbukumbu kama lilivyo neno la mwalimu. Hatusemi watoto wasirudiwe. Shule bila nidhamu ni gari bila breki. Lakini mtoto wa miaka 15 akifukuzwa kwa kesi ya dakika kumi, maisha yake yote yabadilika. Sheria ya 2013 imekataza pia kumtesa mtoto mwili au moyo. Mjumbe akisikia kwamba kiboko kimerudi shuleni, asicheke na kusema, "Hata sisi tulipigwa." Tulipigwa kweli, na ndiyo maana twajua.

MLANGO UFUNGUKE

Sisi wa reli twajua maana ya kutembea njia. Mtu wa gangi hatazami reli akiwa ofisini. Huenda kwa miguu, akaangalia mataruma, akapiga misumari iliyolegea, wala hangoji gari lianguke ndipo aandike ripoti. Mjumbe wa bodi ya shule yenye bweni na afanye vivyo hivyo.

Mwaka 1998 wasichana 26 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya sekondari ya Bombolulu huko Pwani. Mwaka 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos. Katika bweni hizo madirisha yalikuwa na vyuma, na watoto walikuta mlango umefungwa. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa kitabu cha kanuni za usalama shuleni: milango ya bweni iwe na upana wa futi 5 au zaidi na ifunguke kwa nje, uwepo mlango wa hatari, na madirisha yasiwe na vyuma. Hata hivyo mwaka 2017 wasichana 10 walikufa kwa moto katika shule ya Moi Girls, Nairobi, na mwaka 2024 wavulana 21 wakafa Endarasha, Nyeri.

Kanuni zipo tangu 2008. Kinachotakiwa ni mtu wa kwenda kuangalia. Chukua kamba ya kupimia, ndugu. Nenda bwenini mchana watoto wakiwa darasani. Pima mlango. Usukume uone wafunguka upande gani. Hesabu vitanda, angalia kama mtoto aweza kupita katikati. Uliza ufunguo wa usiku hukaa kwa nani, na huyo mtu hulala wapi. Kisha yaandike, na uyasome kwenye mkutano ili yaingie katika kumbukumbu. Wakisema hakuna fedha ya kubadili mlango, uliza zile za lango la mbele lenye jina la shule kwa rangi ya dhahabu zilitoka wapi.

MIPAKA YA KAZI

Baada ya kusema haya yote, twawaonya ndugu wengine wenye moto mwingi. Mjumbe wa bodi si mwalimu mkuu wa pili. Asiingie darasani kumkemea mwalimu, asiamue mtoto gani awe wa kwanza, wala asidhani aweza kumfukuza mwalimu wa TSC. Mwajiri wa mwalimu huyo ni TSC, na malalamiko yana njia yake. Nguvu ya mjumbe iko katika mkutano, kwa sauti yake na kura yake pamoja na wenzake. Nje ya mkutano ni mzazi kama mzazi mwingine. Tena siri ya mtoto aliyeletwa mbele ya bodi isitembee sokoni.

Mjumbe asiiuzie shule kuni, mahindi wala mawe, yeye wala shemeji yake. Jambo la jamaa yake likija mezani, aseme wazi na atoke nje mpaka liamuliwe. Mtu aliyekula mkataba wa shule hawezi tena kuuliza habari za hesabu. Akifungua kinywa, wenzake watamtazama tu, naye atanyamaza.

Sheria imeweka kamati za bodi: ya fedha na ununuzi, ya masomo, ya nidhamu, ya wafanya kazi na hali ya wanafunzi, na ya ukaguzi wa hesabu. Watu hukimbilia ile ya fedha na ununuzi. Sisi twawashauri mkaingie ile ya ukaguzi na ile ya wafanya kazi. Huko ndiko maarifa ya chama yatakakofaa, na huko hakuna msongamano.

Mwisho ni habari ya kuhudhuria. Kazi yetu ni ya zamu, na mikutano huitwa bila kujali nani yuko njiani na gari la mizigo. Mjumbe asiyefika ni kiti kitupu, na kiti kitupu hupiga kura pamoja na wenye nguvu. Kwa hiyo dai tarehe za mwaka mzima zipangwe mapema. Dai karatasi za mkutano zije siku 7 kabla, uzisome ukiwa mapumzikoni, na uweke alama kwa kalamu. Badilishana zamu na mwenzako. Ikishindikana, njoo tawini tukuombee ruhusa. Na baada ya mkutano, usiende nyumbani ukanyamaza: wazazi waliokuchagua waambiwe lililoamuliwa na kiasi cha fedha kilichopitishwa.

Katibu wa tawi, tunakuomba uandike majina ya wanachama wote waliomo katika bodi za shule, ili wakutane mara moja kila muhula, waulizane na kufundishana. Aliye peke yake katika bodi huchoka haraka, bali mwenye wenzake kumi wa kuwauliza hasumbuliwi kwa maneno magumu ya mkaguzi.

Nanyi mliochaguliwa, mkutano ujao ukifika, msiende mikono mitupu. Nendeni na maswali manne yaliyoandikwa: fedha iliyopokelewa ni kiasi gani? Ni watoto wangapi wako nyumbani kwa sababu ya malipo? Mkataba wa mpishi uko wapi? Mlango wa bweni wafunguka upande gani? Msiondoke mpaka majibu yaingie katika kumbukumbu.